Ndagala na Kopo la Unga: Somo la Protini kwa Kijana Anayenyanyua Vyuma

 

Tangu muhula huu uanze, swali ambalo kamati ya daawa imeulizwa mara nyingi kuliko yote si la mirathi wala la talaka. Ni hili: unga wa protini ni halali? Linaulizwa baada ya swala ya Isha, kwa sauti ya chini, na vijana waliotoka kunyanyua vyuma nyuma ya hosteli. Nimepewa kazi ya kuliandikia somo, labda kwa sababu nasoma fiqhi, labda kwa sababu natoka Rumonge na watu wanaamini kila mtu wa Rumonge anazijua habari za samaki. Yote mawili yatatufaa.

Ndani ya swali hilo yamo maswali mawili. La kwanza: kilichomo ndani ya kopo kinaruhusiwa? La pili: unakihitaji? Wengi hurukia la kwanza. Mimi nitaanza na la pili, kwa sababu mtu anaweza kuambiwa kitu ni halali, akaenda kukinunua kwa pesa ya burse yote, kisha akala ugali mkavu mpaka mwisho wa mwezi. Hilo limetokea hapa hapa.

Nguvu katika dini yetu

Hadithi ambayo kila mnyanyua vyuma ameihifadhi ni ile ya Abu Hurayra (r.a.) katika Sahihi Muslim, inayofundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, na wote wawili wana kheri. Ndugu zangu, Imam Nawawi alipoisherehesha alisema nguvu inayokusudiwa ni ya azma ya nafsi katika mambo ya Akhera: kutangulia kwenye jihadi, kuamrisha mema, kusubiri, kudumu katika swala na funga. Kwa hiyo usiibandike juu ya kioo cha jimu kana kwamba iliteremka kwa ajili ya mikono yako.

Hata hivyo mwili haukudharauliwa. Katika Suratul Baqara aya ya 247 Talut anasifiwa kwa kuzidishiwa elimu pamoja na mwili, na katika Suratul Qasas aya ya 26 binti wa mzee wa Madyan anamsifu Musa (a.s.) kwa nguvu na uaminifu. Salman alimkumbusha Abu Dardai (r.a.) kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman. Mazoezi basi yana mlango. Kinachobaki ni nia, na nia ya mtu siwezi kuisoma.

Mwili unataka nini

Chakula peke yake hakijengi msuli. Watazame wachukuzi wa pale mwaloni Rumonge. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja unga wa kopo, lakini migongo yao inaonekana chini ya shati. Msuli ukibebeshwa mzigo kuliko ulivyozoea hupata amri ya kujiimarisha, na kwa siku nzima au zaidi baada ya hapo mwili hutengeneza protini mpya ya misuli kwa kasi kubwa kuliko kawaida. Protini unayokula ndiyo tofali. Kalori ni ujira wa fundi. Ukileta tofali bila ujira, fundi atachoma tofali zako apate kuota moto.

Tofali ngapi? Kwa mtu mzima wa kawaida hupendekezwa gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji zaidi. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi wa tafiti 49 zilizohusisha watu 1,863. Ilionekana kwamba kuongeza protini kunasaidia misuli kukua mpaka kufikia karibu gramu 1.6 kwa kilo, na juu ya hapo faida haikuonekana tena kwa uwazi. Kijana wa kilo 60, ambao ndio wengi wetu, anahitaji basi gramu 96. Dada wa kilo 50 anayefanya mazoezi hayo hayo anahitaji 80. (Dada zetu wananiuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu, misuli yao ni ile ile.) Ukila gramu 200, zile za ziada hazigeuki kifua. Mwili huzichoma kama kuni au huziweka kama mafuta, na naitrojeni yake hutoka na mkojo. Sehemu ya kopo lako la bei ghali inaishia chooni.

Sasa kalori. Gramu moja ya protini inatoa kalori 4, ya wanga vilevile 4, na ya mafuta 9. Kijana wa kilo 60 anayetembea na kufanya mazoezi hutumia kwa makisio kati ya 2,400 na 2,800 kwa siku. Akitaka kuongezeka bila kuota kitambi, aongeze 300 mpaka 500 juu ya anazotumia. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunakula mara moja na nusu kwa siku, tunapiga chuma saa mbili, kisha tunalaumu ukosefu wa unga wa protini. Ndugu, kinachokosekana ni chakula.

Mwenyeji wa Imbo anayo dawa ya jambo hilo jikoni. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori karibu 120, kwa hiyo vijiko vitatu ndani ya maharage na sombe vinaleta 360. Mawese mekundu yana pia ile rangi inayogeuka vitamini A mwilini. Nusu ya mafuta yake hivi ni ya aina inayoganda, kwa hiyo mwenye moyo mgonjwa au lehemu nyingi kwenye damu asinifuate mimi, amfuate daktari wake. Na mawese ni kalori tupu za mafuta, protini hayana kabisa. Muhogo nao ni hivyo hivyo: ugali wake unashibisha sana lakini gramu 100 za unga wake hazitoi protini zaidi ya gramu moja au mbili. Unga wa mahindi unatoa karibu 8. Mtu aliyekulia ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi atanenepa shavu na atabaki na mkono mwembamba.

Kilichomo ndani ya ndagala

Ndagala tunaowaita kwa jina moja ni samaki wa aina mbili, ambao wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wanaishi makundi makundi katika maji ya wazi ya ziwa letu ambalo kina chake kinafika mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Anayewafukuza na kuwala huko majini ni mukeke, Lates stappersii, naye tunamla sisi. Kuanzia Bujumbura kupita Minago, Rumonge mpaka Nyanza-Lac, usiku usio na mwezi unaona taa zimejipanga majini kama mji mwingine.

Ndagala waliokaushwa vizuri wana protini karibu gramu 60 katika kila gramu 100. Unga wa maziwa wa kwenye kopo, ule wa kawaida, una karibu 75 mpaka 80. Tofauti ni ndogo kuliko wauzaji wanavyopenda ujue. Fanya hesabu hii mwenyewe sokoni: kilo moja ya ndagala wakavu ni gramu 600 za protini, kilo moja ya unga ni gramu 750 au 800. Chukua bei ya leo ya kila kimoja, igawe kwa gramu hizo. Sitaandika bei kwa sababu itakuwa imebadilika kabla gazeti halijatoka, lakini sijakutana na siku ambayo kopo lilishinda.

Tuandae siku moja ya kijana wa kilo 60. Mayai mawili asubuhi, gramu 12. Maharage yaliyopikwa, sahani ya gramu 300, yanatoa kama 26, na ugali wa muhogo pembeni 3. Karanga gramu 50 za kutafuna kati ya vipindi, 13. Jioni wali gramu 300 uliopikwa, 8, pamoja na gramu 50 za ndagala wakavu, 30. Glasi ya maziwa au mtindi, 8. Jumla ni 100. Robo kilo ya ndagala inakutosha siku tano kwa hesabu hii. Mayai yakikosekana, ongeza gramu 20 za ndagala. Maziwa yakikosekana, ongeza maharage. Zigawe hizo protini kwenye milo mitatu au minne badala ya kuzirundika usiku mmoja.

Maharage na nafaka vikiliwa siku moja husaidiana, kwani kila kimoja kina upungufu ambao mwenzake anauziba. Samaki hana upungufu huo. Na ndagala analiwa mzima, kichwa, mifupa na tumbo, kwa hiyo unapata pia kalsiamu ambayo nyama ya ng'ombe haikupi. Angalia tu waliokaushwaje. Wanaoanikwa mchangani huchukua mchanga na huoza upesi mvua ikinyesha. Mradi wa FAO ulihimiza vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu kwenye mwambao wetu, na anayenunua anaitambua tofauti kwa pua kabla ya jicho.

Tumbo la ndagala

Hapo niliposema analiwa na tumbo lake, najua mwanafunzi mmoja wa madrasa ameinua kidole. Kilichomo tumboni ni najisi, tunakulaje?

Swali ni zuri na maulamaa wetu wa Kishafii walilijibu karne nyingi kabla ya jimu. Asili ni kwamba windo la majini ni halali (Suratul Maida aya ya 96), na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu bahari alibainisha kwamba maji yake ni tohara na mfu wake ni halali; hadithi iko kwa Abu Daud, Tirmidhi na wengine. Ndagala basi hahitaji kuchinjwa. Kuhusu tumbo, Fat-hul Muin, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma au tutakisoma, kinanukuu kwanza kauli kwamba samaki aliyetiwa chumvi bila kutolewa kilichomo tumboni haliwi, na dhahiri ya kauli hiyo haitofautishi mkubwa na mdogo. Kisha kinaleta kauli ya masheikh wawili, Rafii na Nawawi, kwamba samaki mdogo inajuzu kumla pamoja na kilichomo tumboni mwake, kwa sababu ni vigumu kumsafisha.

Tafakari sababu hiyo: ugumu wa kusafisha. Nani atapasua ndagala mia tatu za kitoweo cha jioni moja? Mama yangu angenifukuza jikoni. Lakini sababu hiyo hiyo inatuwekea mpaka. Mukeke tumbo lake linatoka kwa mkono mmoja, kwa hiyo mukeke anayetiwa chumvi au kukaushwa bila kupasuliwa hana ruhusa hiyo. Nimeona watu wa kwetu wakiwachanganya wawili hawa, kwa hiyo nimelirefusha.

Kopo

Sasa swali lenu. Unga mwingi wa protini hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kuwa jibini. Maziwa ni halali. Shaka inaingia kwenye kigandishi. Zamani kilitoka kwenye tumbo la ndama. Kwa Mashafii, kigandishi cha mnyama aliyechinjwa kisheria ambaye hakula ila maziwa ni tohara, na cha mzoga ni najisi. Kwa Imam Abu Hanifa hata cha mzoga ni tohara. Leo viwanda vingi havitumii ndama kabisa: kigandishi kinatengenezwa na vijidudu, na Marekani iliidhinisha aina hiyo mwaka 1990. Tunayo pia mapokezi ya Ibn Umar kwa Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini huko Tabuk, akaomba kisu, akataja jina la Allah na akakata. Kwa hiyo unga wa maziwa usio na kitu kingine, asili yake ni kuruhusiwa, na mwenye kutaka utulivu zaidi atafute wenye alama ya halali ya taasisi inayojulikana.

Vidonge vyenye ganda laini ni habari nyingine. Ganda hilo mara nyingi ni jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Wanaosema imegeuka umbo na kutoharika wapo, hasa kwa misingi ya Mahanafi na Mamaliki, lakini madhehebu yetu ni finyu sana katika mlango huo: tunataja pombe iliyogeuka siki yenyewe na ngozi iliyodibaghiwa, na nguruwe hata ngozi yake haitohariki. Mafuta ya samaki ndani ya ganda la nguruwe, kwa mtu anayeishi kandoni mwa Tanganyika! Kula samaki.

Kreatini ndiyo nyongeza moja ambayo ushahidi wake ni mzito. Gramu 3 mpaka 5 kwa siku huongeza kidogo nguvu ya mazoezi mafupi na makali. Iko ndani ya nyama na samaki, na ile ya kopo hutengenezwa kiwandani bila sehemu ya mnyama, kwa hiyo ya unga tu, bila ganda, sioni tatizo lake. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila daktari. Kilo moja au mbili za mwanzo utakazoziona kwenye mizani nyingi ni maji.

Lakini halali siyo neno la mwisho. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Burundi wa mwaka 2016-2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Miongoni mwetu wapo ambao wadogo zao nyumbani wamo katika hesabu hiyo, na bado wanapiga simu kuomba pesa ya "vitabu" inayoishia kwenye kopo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba inatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale anaopaswa kuwalisha. Kama wewe ndiye mkubwa wa nyumba, au baba anauza mtumbwi ili usome, fiqhi ya kopo lako haianzii kwenye jelatini.

Vidonge vya kunenepesha

Hapa naomba msome polepole. Toka Kinshasa mpaka kwetu vinauzwa vidonge vya kuongeza mwili, mara nyingi bila boksi, vikihesabiwa kwenye karatasi. Ndani huwa na deksamethasoni au siproheptadini, au vyote viwili. Ya pili ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Ya kwanza ni dawa kali ya uvimbe ambayo hospitali huitumia kwa sababu maalumu. Inajaza uso maji, inaweka mafuta tumboni na shingoni, inapandisha sukari na presha, na inavunja misuli. Narudia: inavunja misuli. Ndugu mmoja wa hosteli yetu alisifiwa mwezi mzima kwa kunawiri, kisha akashindwa kupanda ngazi za ghorofa ya pili. Aliyemuuzia alimwambia ni vitamini.

Anayezitumia kwa wiki nyingi asiziache ghafla leo kwa sababu amesoma makala hii. Mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kumwangusha vibaya. Aende hospitali, aseme ukweli, apunguziwe kwa mpango.

Sindano za steroidi ziko katika mlango huo huo, nazo zinakuza misuli kweli, ndiyo maana zinavutia. Zinasinyaza korodani na kuzuia mbegu za uzazi, zinaumiza ini na moyo. Unga wenyewe wakati mwingine huchanganywa na dawa hizo kwa siri ili mteja aone matokeo haraka. Kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana inatosha kuziharamisha kwa asiye na ugonjwa unaozihitaji, na muuzaji anayeziita vitamini ameingia katika onyo la Mtume (s.a.w.) kwa wanaoghushi.

Theluthi ya tumbo, na funga

Ndugu kadhaa wameniuliza kama kula milo minne hakupingani na hadithi ya Miqdam (r.a.) kwa Tirmidhi, ile ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Haipingani. Hadithi inazungumzia kulijaza tumbo kwa mkao mmoja. Milo minne midogo iko karibu nayo zaidi kuliko ule mlima wa wali tunaoula mara moja saa mbili usiku. Kula kupita shibe ni karaha, na kukidhuru kunakuwa haramu.

Anayefunga anaweza kujenga misuli, au angalau asiipoteze. Agawe protini yake futari, baada ya tarawehe na daku, na asiiache daku hata iwe viazi na ndagala wachache. Vyuma avinyanyue saa moja hivi baada ya futari, maji yakiwa yamerudi mwilini. Chuma kizito saa kumi alasiri katika joto la Imbo ni kujitafutia kizunguzungu.

Kwa wanaofunga siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, kuna jambo la kwetu la kujua. Hizo ndizo siku za mwezi mpevu. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi mingi hupumzika, na ndagala wabichi hupungua sokoni na kupanda bei, kuanzia kabla kidogo ya hapo mpaka mwezi uanze kuchelewa kutoka. Nunua wakavu mapema, kama tarehe 9 au 10, wakiwa bado wengi. Wahifadhi kwenye chombo kinachofunga, mbali na unyevu, na uwaoshe kwa maji ya moto kabla ya kupika.